Tiketi Mbili za Mji wa Kalenda

28 Desemba

Wifi yangu Fundi,

Hujambo wewe na cherehani yako? Mimi mzima, ila magoti yameanza kudai pensheni yao peke yao. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hatuzungumzi. Binti yangu akija jioni na watu wake huiweka kwenye spika, nyumba nzima inasikiliza, hadi mgeni aliyekuja kuomba maji anachangia.

Sikukuu imepita. Nilijiandaa kupokea blanketi. Unawajua wanangu: mwaka juzi blanketi, mwaka jana blanketi, kana kwamba mama yao ni maiti anayesubiri kufunikwa. Nilikuwa nimeshaupanga na uso wa kushukuru. Binti yangu akasema, "Mama, kila mwaka unanung'unika, tumechoka. Safari hii tumechanga." Akanipa bahasha. Ndani, tiketi mbili za treni, yangu na yako, za kwenda ule mji wa kwenye kalenda ya wodi ya wazazi. Ule wa ziwa na mapaa mekundu, ambao wewe na mimi tumekuwa tukiuendea kwa maneno kila tulipochoshwa na waume zetu, kaka yako na mumeo, Mungu awarehemu.

Nilipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Tunaondoka Machi. Nitapanda treni ya huku peke yangu, nibadilishe pale njia panda, ndipo nikukute stesheni ya kwenu. Peke yangu, wifi.

Wako,
Wifi Mkunga


7 Januari

Wifi yangu Mkunga,

Barua yako imenikuta mzima na kuniacha nusu mwendawazimu kwa furaha. Magoti yako yape pole.

Wewe umepata ziwa, mimi mwanangu kaniletea mzani unaosema. Nikipanda tu, unatangaza kilo zangu kwa sauti, na dirisha liko wazi. Hata adui huchagua zawadi inayonyamaza. Nimeufungia kabatini.

Nikwambie ukweli, naogopa. Naogopa choo cha treni kinavyotikisika. Naogopa kufia kati ya watu wasiojua hata wanililie kwa jina gani. Tuliongea miaka yote kwa sababu tulijua hatuendi, sivyo? Lakini nikifikiri wewe uko kiti cha pembeni, woga unapungua. Nimeshakata kitambaa cha magauni ya sare. Nitumie kipimo cha kiuno, cha kweli, si kile cha siku ya harusi yako.

Akupendaye,
Wifi Fundi


22 Januari

Wifi,

Hujambo? Huku wazima wote.

Nimefikiria hii safari. Huko ni baridi, na magoti haya sidhani. Kwa nini usiende na yule jirani yako muuza vyombo? Tiketi yangu mpe. Mimi nitabaki nilinde nyumba. Kipimo cha kiuno usihangaike nacho.

Wifi Mkunga


30 Januari

Mkunga,

Salamu nimeziacha mlangoni, nitazichukua nikishapoa.

Uilinde nyumba dhidi ya nani? Umeitwa kuzalisha kwenye mvua na giza, kwenye nyumba usizozijua, na siku hizo sikusikia habari ya magoti. Muuza vyombo simtaki, anakoroma hata akiwa macho. Kuna kitu unanificha. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia wenye uchungu wakibana miguu kwa aibu: mficha uchi hazai. Haya, zaa.

Wifi yako, kwa sasa,
Fundi


9 Februari

Wifi yangu,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Nilipotea. Si mjini, hapa hapa mtaani kwangu. Nilitoka kununua mkate. Nilipogeuka kutoka dukani, mtaa ulikuwa ule ule lakini sikujua kwangu ni wapi. Nyumba nyingine zote nilizijua. Hii nilizalisha pacha, ile mtoto alitoka amenyamaza nikampiga makofi mpaka akalia. Zote nilizijua isipokuwa yangu. Nikasimama na mkate mkononi, jasho linanitoka.

Binti mmoja wa saluni akaniamkia, akauliza namsubiri nani. Nikamwambia, "Nakusubiri wewe. Ulizaliwa umetanguliza miguu, ukamtesa mama yako. Hebu nisindikize nyumbani, tangulia mbele, nione hiyo miguu ilivyonyooka." Akacheka, akatangulia, nikamfuata kama kondoo hadi mlangoni kwangu. Hakujua lolote. Nilipofunga mlango nililia kwa woga. Sijawahi kuogopa vile, hata siku tuliyomzika kaka yako, maana siku ile nilijua nilipo.

Halikuwa tukio la kwanza. Na juzi nimekuta jiko la gesi limefunguliwa bila moto, harufu imejaa jikoni. Nyumbani nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia.

Sasa niambie, mtu wa namna hii abadilishe treni njia panda? Nitashukia wapi, wifi? Nitamuuliza nani kwangu ni wapi, huko ambako sikumzalisha mtu yeyote?

Usimwambie binti yangu. Anapita jioni tu, hajagundua. Akijua ataninyang'anya ufunguo, nami nitakuwa mgeni ndani ya nyumba yangu. Nakuomba kwa jina la kaka yako.

Wifi yako anayeogopa


17 Februari

Wifi yangu,

Shikilia kitu kabla hujaendelea kusoma. Nimempigia binti yako. Nimemwambia yote.

Nilijaribu kunyamaza, Mungu shahidi. Nilikaa kwenye cherehani na barua yako mapajani, nikashona mkono wa gauni shingoni. Kisha nikaanza kunusa gesi humu ndani, na mimi napikia mkaa. Nikatoka nje, nikarudi, bado nanusa. Mwisho nikamwomba jirani anibonyezee namba.

Umeniomba kwa jina la kaka yangu. Yeye alipokuwa anakata roho hakuniachia shamba wala nyumba, aliniambia, "Mwangalie mke wangu." Sasa ningenyamaza kwa jina lake halafu nije kukuzika kwa jina la nani?

Nichukie, mradi unichukie ukiwa hai.

Wifi Fundi


20 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Nauliza kwa dhati, maana sijui. Nikipiga simu anapokea binti yako, anasema, "Mama amelala, Shangazi." Saa za mchana! Wewe tangu lini unalala mchana? Nasikia sauti yake imebanwa, nami naogopa kuuliza zaidi nisije nikajibiwa.

Leo ndiyo siku ya treni yetu. Nilikwenda stesheni hata hivyo, nikakaa kwenye benchi, nikaitazama ikipakia watu na mizigo yao hadi ikaondoka. Sikuulilia mji wa kalenda, ukae huko huko na ziwa lake. Nililia kwa sababu kila mwanamke mzee aliyeshuka nilimtazama usoni.

Niandikie hata tusi.

Fundi


11 Aprili

Fundi,

Tusi lako hili hapa: mbea mkubwa wewe, mdomo kama cherehani isiyo na breki. Sasa hujambo? Magauni yamefikia wapi?

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa karibu na simu, namwambia binti yangu aseme nimelala. Nilitaka uogope kama ninavyoogopa mimi. Nilipoisoma ile ya stesheni, hasira ikaniishia, ila ilinichukua muda kukubali.

Wamenipeleka kwa daktari. Kijana mdogo, anaongea nami polepole kana kwamba mimi ndiye nimezaliwa jana. Anasema ugonjwa wenyewe hauponi, kuna dawa za kuuchelewesha tu. Ufunguo wameuchukua, kama nilivyosema. Jiko analiwasha binti yangu, ambaye sasa amehamia hapa na mume wake na kelele zao. Nikienda msalani kuna mtu anakohoa mlangoni kunijulisha kwamba yupo. Yote niliyoyaogopa yamekuja, na bado nipo hai, na hilo ni kosa lako.

Woga haujaisha, wifi. Asubuhi natangulia kuamka kabla ya macho. Nalala nimeyafumba, nangoja, nikiogopa kuyafungua nikute chumba cha watu. Na kuna siku, daktari hakuificha, nitawaangalia watu wangu usoni niwaambie karibuni wageni. Wewe ukiwemo.

Mimi kuja kwako haiwezekani tena. Njoo wewe. Nimeongea na binti yangu, amesema Shangazi atapewa chumba cha uani, na mlango tumeupima, cherehani inapita. Usije kwa wiki moja ukarudi. Funga nyumba yako, mpe muuza vyombo ufunguo, uje ukae.

Lakini uje upesi, wakati bado nakujua. Siku nitakapokusahau, nataka nikusahau ukiwa hapa.

Wifi yako