Firigisi ya Nafula

Mama Wafula mpenzi,

Pokea salamu kutoka Mukuru kwa Reuben, hapa Nairobi kwa dada yangu Nafula. Tangu nifike ni manyunyu na matope. Maghorofa ya upande wa picha wa kadi hii nimeyaona kwa mbali tu.

Nafula ni kibarua katika kiwanda cha kuku. Kutwa anasimama kwenye baridi akikata mapaja ya hoteli na vidari vya supamaketi. Vichwa na miguu ndivyo vinavyouzwa mitaani huku, na ndiyo mboga aliyonipikia jana. Lakini kwenye sahani yangu aliweka firigisi moja, haki ya mwanamume. Aliitafuta soko zima baada ya kazi, na miguu imemvimba.

"Sitaki wazee waseme ulikuja kwangu ukanyimwa heshima yako," akaniambia.

Nikamuuliza, kuku wote hao anaowakata, mbona yeye anaambulia miguu?

Akacheka kwa uchovu. "Kaka, na wale mnaowafuga nyumbani, mnakula wangapi? Si wote mnawauzia watu wa Nairobi?"

Firigisi niliila, maana kuikataa kungemuumiza, ila niliitafuna muda mrefu.

Nimechoka, mama, na nimewakumbuka. Yule jogoo mwekundu usimuuze, hata mchuuzi akikubembeleza vipi. Nafula akija Krismasi tutamchinja, na firigisi ataila yeye. Wazee wakiuliza tangu lini mwanamke akapewa firigisi, waambie ni mimi nimesema.

Wako,
Baba Wafula