Babu Yako Alivyoanza Upya Kila Mtandao Ulipokatika

Mjukuu wangu Furaha,

Amani iwe nyumbani kwako. Huku kambini Dzaleka tuko salama. Mama yako mdogo amehamia Lilongwe, mtaa wa Area 49, anashona huko.

Umeniuliza programu unayotengeneza ifanye nini mtandao ukikatika katikati ya kutuma. Mimi si msomi wa mambo hayo, lakini nilimwona babu yako akihangaika nayo.

Kompyuta yake iliwapigia hesabu watafiti wa malaria walioko ng'ambo, kwa kujitolea tu. Siku moja jibu la kazi ya siku kumi lilipaswa kuwafikia kabla ya jioni. Mtandao ulikatika mara nne, na kila mara akalituma tena kuanzia mwanzo.

“Si uendelee pale ulipoachia?” nikamwuliza.

“We mama Neema, utaingia mu mazungumuzo bila kusalimia bantu?”

“Ile mashini haina haya, papa Neema! Mi uzi ukikatika, nafumua nguo yote?”

Alicheka. Malaria ndiyo iliyomchukua Neema, mama yako, na hakutaka jibu lile lipotee. Akabonyeza kitufe cha kuendelea. Kompyuta ikauliza kule ng'ambo wameshapokea kiasi gani, ikatuma kilichobaki. Mtandao ulikatika tena mara mbili, lakini hatukurudi mwanzo. Jibu lilifika jua likiwa bado juu.

Basi programu yako iulize kwanza. Mimi pia, tangu tumzike babu yako, asubuhi nyingi naamka hivyo: naangalia kilichobaki, naendelea.

Bibi yako anayekuombea