Kaka Profesa na Darasa la Kwanza

Mwenzangu, weka kazi chini usome hii. Kaka yangu kaumbuka leo mchana kweupe!

Si unajua anavyotuhubiria kwenye kundi la familia? "Mtoto wa darasa la kwanza haachiwi mwalimu peke yake! Mzazi, kaa naye, msikilize akisoma!" Ndiyo maana tunamwita Profesa.

Leo shuleni kwa binti yake kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mwalimu akawaambia watoto waigize wanavyosaidiwa nyumbani. Profesa kakaa mbele, kwenye kile kiti cha watoto, magoti yanagusa kidevu, katupigia video familia nzima tujionee matunda ya malezi yake.

Binti akaketi, akakunja nne. Akachukua kifutio cha ubao, akakikodolea macho, kidole gumba kinapanda kinashuka. Mwenzake akaanza kumsomea: "Ba, be, bi..." Naye, bila kuinua kichwa: "Mm. Mm. Hongera. Kamuulize mama."

KAMUULIZE MAMA! Sauti ya babake ileile, mpaka kile kikohozi! Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu akageukia ubao, mabega yanamtikisika.

Nikakimbilia kwao, ningekosaje? Nimemkuta kanuna sebuleni, anamfokea wifi: "Huyu mtoto haya mambo kajifunza wapi?"

Wifi alikuwa na simu yake mkononi. Hata kichwa hakuinua.

"Mm. Kamuulize mama yako."