Viatu vya Anastasie na shangazi ya Cubaka

Jessica weye, uko wapi? Soma hii. Yaani kichefuchefu tupu!!

Leo familia ya Cubaka wamekuja kumuposa Anastasie. Dada yangu amevaa vile viatu vyake vya chini vya mukanda, vile vya caguwa, mitumba ya sokoni. Yeye ni mwalimu, anasimama kutwa nzima, miguu yake haitaki tena visigino.

Anapiga magoti kuwapa Fanta. Shangazi ya Cubaka anaangalia miguu, anasema mbele ya wazee wote: "Viatu vya mutoto wa shule ya primaire! Tumekuja kuoa mutoto?"

MUTOTO. Na wanacheka!

Anastasie akavivua mulangoni, akaendelea kuhudumia wageni miguu chini, bila viatu, machozi karibu.

Sasa sikia. Huyo shangazi yeye alikuja na visigino virefu, na leo mvua imenyesha hapa kwetu Kizuka yote. Akataka kwenda choo. Unajua alivaa nini? VIATU VYA ANASTASIE!! Chooni, Jessica! Choo chetu unakijua! Amerudi na matope, potopoto mpaka kwenye mukanda. Yaak.

Hata hajavivua, anamuvuta Anastasie pembeni, anamunong'oneza: "Ni laini sana. Ulivipata wapi? Mimi navaa namba 39, trente-neuf."