Papa, Ile Haikuwa Dawa

Papa,

Usinune kwanza. Najua ungeanza kwa kuuliza masinia yako ya alumini. Bon, hayapo, watu wanapikia sombe, majani ya muhogo. Kiwanda cha limonade, soda yetu ile, kimefungwa, na katika chumba chako cha kuvu wanalala mbuzi. Wewe uliyenifukuza humo kwa sababu ya pini moja ya nywele! Ukaniambia, "Chuma hapana, mama. Kuvu akionja chuma ananenepa, anasahau kazi."

Mundele wa kiwanda, yule mzungu, alipokimbia mwaka wa uhuru, walisema limonade itakuwa maji matupu. Lakini wewe ulibaki na chupa ya mbegu nyeusi za kuvu. Ulizinyunyiza juu ya maji ya sukari, utando ukaota, ukakunjana kama wa maziwa, na chini yake maji yakawa makali kama ndimu. Ulichovya kidole, ukalamba, ukafumba jicho moja. Nilicheka kila mara.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia mtu, hata mama.

Siku waasi walipoingia kiwandani, waliona masinia yale meusi wakauliza, "Iko nini hii?" Ulianza kujibu, "Acide..." Nikaogopa. Mjini hapa acide ni asidi ya betri, ni ya kuunguza watu macho. Nikakukatiza: "Iko dawa. Dawa ya papa." Nilitaka neno zuri, basi. Lakini kwao dawa ilikuwa ile ya kugeuza risasi kuwa maji. Wakashusha bunduki, wakakuita munganga, mganga wao. Tangu hapo walikuja kuomba uwapake, na kila mara uliwajibu, "Bana, hii iko ya limonade." Walidhani unawaficha.

Walipofukuzwa, askari wa serikali waliokuja baada yao waliuliza mtaani nani aliwapa waasi dawa. Vidole vyote vikaelekea mlango wetu. Walikukuta mikono imejaa ule unga mweusi wa kuvu. "Angalia mikono yake," wakasema. Kesi yako nzima ilikuwa hiyo. Tulisikia risasi kabla mama hajapata kitambaa chake cha kichwa.

Walioua ni wao, ndiyo. Ila neno lilikuwa langu. Ningenyamaza, Papa! Ee Mungu, ningenyamaza tu, ungemaliza kusema.

Hata leo naitwa mtoto wa munganga wa waasi. Naitika.

Chupa yako niliificha ndani ya unga wa muhogo. Siku tisa zilizopita nilichemsha maji ya sukari, nikayamimina katika bakuli la udongo, si la chuma, nikanyunyiza. Leo nimelamba. Iko kali, Papa. Jicho langu lilijifumba lenyewe, nikalia hapo hapo jikoni.

Kesho ni Ijumaa. Nitaichuja, nitie sukari, nisimame nje ya msikiti na bilauri zetu. Nitawapa wanywe wale wale walioonyesha kidole. Halafu nitawaambia nani alilisema neno lile. Mama atakuwa pale, atasikia pamoja nao. Akinifukuza nyumbani, nitaondoka na chupa.

Lala salama, Papa. Mikono yako ilikuwa safi.