Breki za Trela la Olinga

Jumatatu, 6 Januari 1975

Trela limesimama kwa miguu yake leo. Miguu miwili — magurudumu ya Land Rover kuukuu iliyokufa kule nyuma ya stesheni — na mwili wa vyuma ambao mwanangu Olinga amechomelea kwa mikono yake. Nimelizunguka mara nne. Mimi darasa la nne nilifika tu, lakini macho ninayo. Malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda yanapanga foleni mbele ya nyumba yangu kila siku, na trela safi hivi bado sijaona.

Pikapu ni ya mkwe wangu Ojakol, mume wa binti yangu Alaso. Pijo. Peke yake inabeba pamba kidogo. Ikivuta trela, chama cha ushirika cha Chakol kitampa kazi ya kupeleka pamba jineri, kule inakochambuliwa, msimu mzima, na Olinga ndiye atakuwa fundi wao. Jina lake litaanzia hapo.

Sharti ni moja, breki. Mwaka jana trela la mtu fulani, lisilo na breki hata kidogo, lilisukuma gari mtaroni na dereva akavunjika mguu. Sasa mwenyekiti, mzee Callistus, anasema atakuja mwenyewe Jumatatu ijayo aone kwa macho. Likishindwa kazi inakwenda kwa mtu mwingine mwenye lori.

Likishindwa! Huyo mzee hamjui Olinga.

Jumatano, 8 Januari

Leo breki zenyewe. Olinga amenieleza na nimeelewa, sijui kwa nini wanaume wanajifanya ni kitu kigumu. Pikapu ikipunguza mwendo, trela bado linataka kwenda. Linasukuma fimbo iliyo shingoni mwake. Fimbo inavuta kebo. Kebo inatanua viatu viwili vilivyo ndani ya dramu ya gurudumu, viatu vinabana dramu, trela linasimama. Yaani linajifunga lenyewe kwa uzito wake. Nani alimfundisha mtoto huyu? Mafundi wa misheni, wanasema watu. Mimi nasema alizaliwa nayo.

Nimekuwa msaidizi wake. Aliinua upande mmoja kwa jeki, akalala chini na spana.

— Zungusha, Mama.

Nazungusha. Anakaza nati. — Tena. Gurudumu limekuwa zito. — Tena. Limekataa kabisa. Hapo anarudisha nati kidogo, kidogo, mpaka lizunguke, na ndani usikie shhh, kama mtu anafagia chumba cha mbali. Akasema hiyo ndiyo sauti anayotaka. Kisha upande wa pili. Lazima pande mbili zishike sawa, ama trela litavutia upande mmoja likunjike barabarani.

Wilkista jirani, yule anayeuza omena, dagaa wa ziwani, alipita akauliza tangu lini fundi wa cherehani anatengeneza magari. Nikamwambia tangu nilipomzaa fundi. Alicheka mpaka beseni likayumba kichwani.

Jumamosi, 11 Januari

Kesho baada ya misa Padri atabariki trela. Mimi nimeomba, Padri amekubali.

Olinga alifungua magurudumu tena, akapaka dramu rangi nyekundu kwa nje, akazianika juani. Halafu akaenda ng'ambo ya reli kwa Ojakol kukaza chuma cha kuunganishia. Nimebaki na trela. Nimeosha mbao. Nimefuta vyuma. Nikaona vile viatu vya breki — vikavu, vimepauka, kama magoti ya mtoto asiye na mama. Kesho vinakwenda mbele ya Padri namna hiyo?

Cherehani yangu ina miaka kumi na tisa na inashona kama mpya. Kwa nini? Kila kinachozunguka nakitia mafuta. Basi nilichukua chupa yangu ya mafuta ya simsim, yale mazuri ya kutoka Tororo huko Uganda, nikapaka viatu vyote vinne. Polepole, kwa kitambaa. Vilikunywa sana. Nikaongeza. Na ndani ya dramu pia.

Sijamwambia. Anataka kila kitu afanye yeye. Aliporudi mawingu yalikuwa yametanda, akarudisha magurudumu haraka, akayasukuma kwa mkono. Akasema yanazunguka vizuri. Nikatazama pembeni nisicheke.

Jumapili, 12 Januari

Limebarikiwa. Maji ya baraka mpaka chini ya magurudumu. Watu walijaa. Nimewaambia wote mwenye trela ni nani.

Jumatatu, 13 Januari

Sijui niandike vipi.

Mzee Callistus alikuja na wanakamati wawili. Walijaza trela magunia ya mchanga. Ojakol akashika usukani, wakapanda hadi juu ya mteremko wa reli, wakageuza. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya kibanda cha chai, maana mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hiyo ni heshima yetu. Lakini niliona.

Pikapu ilishuka vizuri. Callistus akainua mkono, maana yake simama. Ojakol akakanyaga breki. Pikapu ikataka kusimama, trela likakataa. Liliisukuma kutoka nyuma, likaja kwa ubavu, likaikunja pikapu kama kisu cha mfukoni. Taa ya mbele imepasuka kwenye nguzo. Magunia mawili yalipasuka njiani. Mama mmoja wa ndizi aliruka mtaro, mimi nilifikiri amekufa, kumbe amesimama upande wa pili anatukana.

Ojakol ametoka mzima. Mkono umeteguka kidogo, Alaso ameukanda.

Mzee Callistus hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimwambia Olinga: Kijana, mimi sitaki samahani, nataka sababu. Jumatano narudi mara moja tu. Ukinieleza ni nini kilikataa na umekirekebisha vipi, tutajaribu tena. Kama hujui sababu, nitajuaje kesho haitakataa na mtu ndani?

Mwanakamati mmoja akacheka, akasema hilo trela lilibarikiwa upande wa mbele tu.

Olinga aliinamisha kichwa. Hajala.

Jumanne, 14 Januari

Asubuhi na mapema alifungua dramu. Nilikuwa mlangoni na chai yake. Akapitisha kidole ndani, akakitazama juani. Kidole kinang'aa.

— Mafuta, akasema. Grisi ya beringi imevuja. Nimejaza kupita kiasi. Ni mimi.

Akakaa chini kwenye vumbi. Akasema kiatu cha breki lazima kiwe kikavu, kikiguswa na mafuta hakishiki kitu, kinateleza tu. Jambo la siku ya kwanza ya mafunzo. Akasema kama ameshindwa jambo la siku ya kwanza, basi yeye si fundi, ataomba kazi ya kupakia magunia huko stesheni.

Nikaiweka chai chini. Nikamwambia anuse kidole.

Alinusa. Akanitazama. Akanusa tena.

— Mama. Hii ni simsim.

Nikasema ndiyo. Nikamweleza yote, cherehani, Padri, magoti ya mtoto. Nilidhani atanifokea. Aliinama, halafu mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. — Yale mazuri ya Tororo? Ndiyo, nikasema, yale mazuri. Akasimama, akanywa chai yote mara moja.

Dramu amezisugua kwa petroli. Viatu havikusafishika, vilikuwa vimeshakunywa mafuta. Alipata ngozi mpya za viatu, zile zinazobana dramu, kwa mafundi wa malori, akazipigilia ribiti moja moja. Mimi nilizungusha gurudumu. Nilikunja mikono nyuma kila nilipomaliza, nisiguse kitu kingine. Shhh ikarudi. Pande zote mbili.

Mchana nikaenda kwa Ojakol, maana gari ni lake na mkono ulioumia ni wake. Yeye alikaa ndani, mimi nje nyuma ya ukuta, Alaso mlangoni katikati. Nikasema: Mwambie mume wako, aliyetia mafuta ni mimi, si Olinga. Alaso akageuka akamwambia. Ukuta ni wa udongo, alinisikia tangu mwanzo, lakini alingoja aambiwe. Halafu nikasikia: Mwambie mama nashukuru kwa kuniambia. Muulize, kuna kitu kingine chochote alichopaka? Alaso akaziba mdomo. Nikasema: Mwambie hakuna. Akasema: Basi nitaendesha.

Jioni Olinga amenikataza. Anasema kesho atamwambia Callistus ni grisi ya beringi, alikosea yeye, yaishe. Kwamba nisiaibike mbele ya watu wote niliowaita Jumapili. — Utasemwa mpaka Busia, Mama. Nikamuuliza, na wewe? Nani atampa kazi fundi ambaye hajui kupima grisi? Akasema atajenga jina tena pole pole.

Mtoto ana moyo mzuri. Lakini jina hilo nimelibeba mimi miaka ishirini na mbili kwa kila duka na kila kisima, na sasa anataka kulivunja kwa ajili yangu.

Jumatano, 15 Januari

Naandikia juu ya goti, juu ya mteremko wa reli. Tumekuja mapema. Trela limejaa mchanga. Olinga amepima hendi breki yake, ile ya kuvuta kwa mkono trela likiegeshwa: amelifungua kutoka kwa pikapu, ameliacha kwenye mteremko peke yake, akaondoka hatua kumi akaligeuzia mgongo. Halikusogea. Ameliunganisha tena, akatikisa, akafunga mnyororo. Ojakol yuko ndani ya pikapu anatazama mbele tu, kioo amekigeuza ili asinione. Mimi niko huku nyuma.

Watu ni wengi kuliko Jumatatu. Wilkista ameacha omena. Yule mama wa ndizi amekaa mbali sana na barabara. Nasikia mmoja akisema leo litafika Tororo bila kusimama.

Olinga anarudia maneno yake midomo ikicheza. Grisi. Beringi. Kosa langu. Ananiangalia, anatikisa kichwa, nisithubutu.

Mzee Callistus amefika kwa baiskeli. Ameiegemeza kwenye nguzo ile iliyovunja taa. Hasalimii watu wengi. Anamwita Olinga mbele ya kila mtu.

— Haya kijana. Sababu?

Olinga anafuta mikono. Anasema, Mzee, wakati wa kutia beringi, mimi —

Nimesimama. Nimesema ngoja kwanza, mzee. Wote wamegeuka, hata Ojakol nusura ageuke. Callistus anauliza huyu mama ni nani. Wilkista anamjibu. Sasa wananingojea, na daftari bado liko mkononi. Nalifunga, niwaambie habari ya simsim.