Nimeandika "recession", nikasoma vita

Jumapili, Bungulu, mjini Beni. Mvua ilianza tulipotoka kanisani na haina nia ya kuacha. Niko kwa dada yangu, nimekaa karibu na dirisha, chai imepoa mbele yangu. Beni kuna joto hata mvua ikinyesha. Mimi mtu wa Butembo nimezoea baridi, na jasho hili la leo sijui ni la joto au la aibu.

Nimewadanganya akina mama. Naandika hivyo kwanza, nisije nikaanza kuzunguka.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu. Jioni nafundisha Kiingereza kule Butembo, wanafunzi wangu wengi ni wafanyabiashara wanaokwenda Kampala na mbali zaidi. Mtu akiwa na barua ya Kiingereza, anamletea Madame, ndiye mimi. Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya ushirika wa kakao wa akina mama wa kanisa hapa Beni. Wamepata mnunuzi wa ng'ambo anayetaka kununua kwao moja kwa moja, bila wachuuzi wa katikati. Ni bahati ambayo wameiombea sana. Kabla ya kutia sahihi mkataba, mnunuzi aliuliza swali moja la kawaida: mbona msimu huu mmetoa kakao kidogo kuliko mlivyosema?

Jibu lake kila mtu hapa analijua. Kakao ipo. Imeiva, inaoza juu ya miti, kwa sababu mashambani hakuendeki. Watu wanauawa huko. Wapo walioondoka asubuhi na panga zao kwenda kuvuna na hawakurudi, na mmoja wao ni mume wa Mama Kahambu, mwanachama wa ushirika tangu ulipoanza.

Jibu hilo mimi sikuliandika.

Mratibu wa mradi unaousaidia ushirika, ambaye sote tunamwita Coordo, alinipigia simu. Ni mtu wa Kisangani, aliletwa huku na kazi, na kusema kweli si mtu mbaya. Aliniambia, "Madame, ukitia vita mule ndani, bale batu hapana kuja. Banunuzi ba kwanza balikimbia juu ya ile neno. Tafuta neno moja ya économie." Hakunitajia neno lenyewe la uchumi. Neno nililitafuta mwenyewe, na sikuchukua muda mrefu kulipata.

Nikaandika kwamba kakao imepungua kwa sababu ya "recession" katika eneo letu, na kwamba tunatumaini kutoa magunia yote yaliyoahidiwa mavuno yajayo. Kwa Kiingereza sentensi ile ilitiririka vizuri sana. Niliisoma tena na tena nikitabasamu peke yangu. Hilo nalo naliandika hapa, kwa sababu linaniuma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba neno lile nalijua. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimelifundisha. Mwanafunzi mmoja muuza vitenge aliniuliza, "Madame, donc huku kwetu tuko na recession?" Nikamjibu kwa madaha yote ya mwalimu aliyeshika chaki. Nikasema ni pale uchumi wa nchi nzima unaporudi nyuma miezi mfululizo, watu wananunua kidogo, kampuni zinafunga, wafanyakazi wanarudishwa nyumbani. Nikasema lisitumiwe kwa kila siku ya soko baya. Nikatoa hata mfano wa kakao: bei imepanda, wanunuzi wanagombania, kitu kinachogombaniwa hivyo usikiite kwa neno hilo. Wakaandika kwenye madaftari yao. Siku iliyofuata nikakaa mezani na kulitumia kwa kakao hiyohiyo.

Kwa hiyo sikukosea Kiingereza. Mwanafunzi angekosea ningepiga mstari mwekundu na kumsamehe. Mimi nilichagua neno lile kwa sababu halina damu.

Sasa leo.

Katika ushirika huu hakuna karatasi inayoondoka kwa jina lao bila kusomwa kwa sauti baada ya ibada. Wengi wao hawasomi Kifaransa, sembuse Kiingereza, kwa hiyo unasimama mbele, unasoma kwa Kiswahili, wanasikiliza mpaka mwisho, kisha wanaokubali wananyoosha mikono. Bila mikono hakuna barua. Nilijua desturi hiyo, na kwa kuwa Coordo alibaki Butembo kazi ya kusoma ilikuwa yangu; nilijiambia nitapita haraka haraka.

Nikaanza. Salamu, shukrani, historia ya ushirika. Nikafika kwenye sentensi ile. Ningeweza kusema "uchumi umerudi nyuma", maneno yapo. Niliinua macho nikamwona Mama Kahambu kwenye benchi la nyuma, kitambaa cha kufiwa bado kichwani. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kakao imepunguka juu ya vita," nikasoma. "Batu banauawa mu mashamba, na sisi hatuwezi kwenda kuvuna."

Nilisoma kama vile imeandikwa. Hata kidole nilikipitisha juu ya mstari.

Mistari ya magunia nikairuka.

Mikono yote ikapanda. Kuna mama aliyelia, mwingine akaanzisha pambio. Mama Kahambu akasimama kule nyuma, akanishukuru kwa Kinande, akasema, "Wasingya, Madame. Mimi niliogopa hamutasema. Sasa kama bale batu banajua, hapana batatuuliza tena ile magunia. Hapana mutu atatukimbiza mu shamba juu ya contrat." Na wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo.

Niliikunja barua haraka, maandishi ndani. Kwa sababu karatasi niliyoshika mkononi iliahidi magunia hayohayo. Na akina mama hawa nawajua: wakitia sahihi, wanatimiza. Mnunuzi akiandika kudai, hawatauliza ni nani aliyeahidi. Watakwenda. Watafunga vitenge vyao, watachukua panga, na watakwenda kule kusikoendeka, wakiamini kwamba hiyo karatasi iliwatetea.

Sikula chakula cha mchana. Dada akauliza, nikasema ni malaria. Nao ni uongo, mdogo, lakini nauhesabu.

Tangu hapo nimekaa na wazo moja tamu. Kesho nirudi Butembo, nifungue kompyuta, nifute sentensi, niandike kile nilichokisoma, nitume. Karatasi na sauti vitakubaliana. Hakuna atakayejua. Coordo atapiga kelele, nitavumilia. Nitakuwa mtu mwema tena kabla ya saa sita mchana.

Ni rahisi mno, na ndiyo maana siiamini.

Kwanza, wasingejua kwamba nilisimama kanisani nikawasomea hewa. Pili, kuna jambo Coordo aliloniambia ambalo hakuna aliyewaambia wao: kwamba mnunuzi akisoma habari za vita huenda akaenda zake, na bahati yao ikaenda naye. Pengine wangenyoosha mikono hata hivyo. Pengine wasingenyoosha. Ni kakao yao, ni waume zao, na uamuzi ni wao. Mimi nimewaamulia mara mbili, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili.

Je, ningekuwa na ujasiri kama nyuma kusingekuwa na kile kitambaa? Sidhani. Hata ukweli niliousema leo niliusema kwa woga.

Mvua imepungua. Naacha hapa, natoka.

Baadaye, kabla ya giza.

Nimetoka kwa Mama Kahambu. Si mbali na hapa kwa dada, lakini njia ilikuwa matope matupu na nilifika na viatu mkononi. Alikuwa chini ya baraza akichagua maharage kwenye ungo. Akacheka kuniona vile. "Karibu, Madame. Matope ya Beni hapana kuheshimu mwalimu." Akanisogezea kiti.

Nikamwambia yote. Nilianza na maneno ya Coordo, kisha nikaona najificha nyuma yake, nikarudi mwanzo na kusema mimi ndiye niliyeandika. Nikamweleza neno lile maana yake ni nini. Nikamweleza ya magunia.

Hakupaza sauti. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, moja moja, akiyatupa nje kwenye matope.

Halafu akauliza, "Mu ile Kingereza, bwana yangu iko wapi?"

"Hayuko, Mama. Hakuna mahali."

"Hata kusema tu kama kuko batu balikufa?"

"Hapana."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Donc mimi nilinyoosha mukono juu ya kumufuta bwana yangu."

Nilisema pole, nikasema tena pole, na yeye akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Nilimwomba aniruhusu nibadilishe barua nikirudi Butembo. Akasema barua haimhusu yeye peke yake. Nikamwambia na ile hatari ya mnunuzi kukimbia. Akasogeza ungo kando, akasema, "Basi bamama basikie na hiyo. Utabaambia weye mwenyewe, kesho, mbele ya kanisa. Hapana mimi. Hapana Coordo. Weye."

Kisha akaita jirani yake apeleke habari kwa wenzake, wakusanyike kesho asubuhi.

Nimemtumia Coordo ujumbe kwamba barua haitumwi. Ameusoma, hajajibu. Dada nimemwambia sina malaria.

Kesho asubuhi nitasimama palepale niliposimama leo. Nitaisoma sentensi ile kama nilivyoiandika, nitawaambia maana yake, na nitawaambia kwamba leo niliwasomea kitu ambacho hakikuwemo. Baada ya hapo wataamua wao kama kuna barua, na kama mimi ndiye wa kuiandika.

Nilipokuwa naondoka Mama Kahambu aliniita kutoka barazani.

"Kesho hapana nitaikala benchi ya nyuma," akasema. "Nitaikala pa mbele, nikuangalie."